Jinsi ya Kupima Ubora wa Zahanati ya Mtaani Kwako: Mwongozo Kamili

Watu wengi wakitaka kujua kama zahanati ya jirani inafaa, hutazama mambo matatu: jengo linavyong'aa, foleni ilivyo, na kama "dawa zao zinaponyesha". Wakitoka hapo bado hawajajua kitu. Rangi ya ukuta haimtibu mtu. Foleni fupi inaweza kuwa dalili kwamba watu wamekikimbia kituo. Na homa nyingi za virusi hupoa zenyewe, hata kama mgonjwa alichomwa sindano isiyohusika kabisa.

Njia ya hapa ni nyingine. Unamfuata mgonjwa mmoja tangu mlangoni hadi siku ya tatu baada ya kurudi nyumbani, ukiandika alichofanyiwa na kilichoandikwa kwenye cheti chake. Mwongozo unahusu zahanati na vituo vya afya vya Tanzania Bara, vya serikali, vya dini na vya watu binafsi. Zanzibar ina wizara yake na mabaraza yake, ila hatua ya 4 hadi ya 7 zinafaa popote.

## Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Daftari dogo na kalamu.
- Simu au saa inayoonyesha sekunde.
- Cheti au daftari la matibabu ya nyuma, kadi ya kliniki kama ni mjamzito au mtoto, na kadi ya bima kama unayo.
- Orodha ya dawa zote unazotumia, pamoja na ulizonunua duka la dawa muhimu na za mitishamba.
- Mtu wa pili wa kukusindikiza. Mgonjwa husahau nusu ya anayoambiwa, msindikizaji anakumbuka.
- Nusu siku isiyo na haraka.

Usiende kujifanya mgonjwa. Utamnyima nafasi mtu anayeumwa kweli, na unaweza kurudi na dawa usizozihitaji. Tumia safari halali: kupima presha, kliniki ya mama na mtoto, kikohozi kisichoisha, dawa za kila mwezi. Usipige picha wala video ndani, kwa sababu waliokaa kwenye benchi wana haki ya siri yao.

Wala usisubiri dharura ndipo uanze kupima. Saa nane usiku, mtoto akiwa na degedege, mtu huenda popote palipo na taa. Kazi hii hufanywa mapema ili usiku huo ujue pa kukimbilia.

## Hatua ya 1: Jua unapima kituo cha ngazi gani

Zahanati haipaswi kulaumiwa kwa kukosa chumba cha upasuaji. Kazi yake ni wagonjwa wa nje, chanjo, kliniki ya wajawazito na watoto, uzazi wa mpango, vipimo vya msingi kama cha malaria, na mara nyingi kuzalisha akina mama wasio na matatizo. Kituo cha afya kinalaza wagonjwa, kina maabara kubwa zaidi, na vingi sasa vinafanya upasuaji wa kumtoa mtoto. Juu yake iko hospitali ya wilaya, kisha ya rufaa.

Wengi hukosea hapa. Wanaipa zahanati alama ya sifuri kwa sababu haina ultrasaundi, halafu wanaisifu nyingine iliyomng'ang'ania mgonjwa wa kulazwa badala ya kumpa rufaa. Zahanati nzuri inajua mwisho wa uwezo wake.

Muulize mtu wa mapokezi: "Mjamzito akipata tatizo usiku, mnampeleka wapi na kwa usafiri gani?" Jibu zuri lina jina la hospitali na namba ya simu ya gari la wagonjwa au dereva. Ukijibiwa "hilo tutaliangalia likitokea", andika hivyohivyo kwenye daftari.

## Hatua ya 2: Hakikisha kituo na wahudumu wanatambulika

Kituo binafsi kinatakiwa kuwa na cheti cha usajili, nacho mara nyingi hutundikwa mapokezi. Soma jina, aina ya kituo na mahali kilipo. Cheti kinachosema "zahanati" hakiruhusu kulaza watu wiki nzima. Wizara ya Afya pia ina rejesta ya vituo kwenye mtandao, ambamo unaweza kutafuta kituo kwa jina au kwa eneo.

Kisha jua anayekutibu ni nani. Sisi humwita kila aliyevaa koti jeupe "daktari", na hapo ndipo makosa huingia. Kwenye zahanati nyingi anayetibu ni tabibu au afisa tabibu, na hilo ni sawa kabisa, maana amesomea kazi hiyo. Muuguzi mkunga naye ana kazi alizosomea. Asiyepaswa kukuandikia dawa ni mhudumu wa usafi, mtunza kumbukumbu au ndugu wa mwenye kituo.

Uliza kwa heshima: "Samahani daktari, naomba kujua jina lako na wewe ni mtaalamu wa kada gani, niandike kwenye daftari langu." Mtaalamu halali hujibu bila kununa, na wengi wana kitambulisho kifuani. Ukiwa na shaka, Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa sheria ya mwaka 2017, linasimamia madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi. Wauguzi na wakunga wako chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania.

Utasikia pia habari za nyota. Serikali ilianza mwaka 2015 kuvipima vituo vya ngazi ya msingi na kuvipa nyota kuanzia sifuri hadi tano, na tatu ndiyo ngazi iliyolengwa. Ukikuta zimebandikwa, ziandike pamoja na mwaka wake. Tahadhari: zinaonyesha hali ya siku ya ukaguzi, na tangu hapo mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, anaweza kuwa amehamishwa.

## Hatua ya 3: Tazama foleni inavyoendeshwa

Andika nyakati tatu: ulipofika, ulipoingia kwa daktari, ulipotoka. Jumatatu asubuhi ni siku ngumu karibu kila mahali, kwa hiyo usihukumu kwa siku hiyo moja.

Lakini muda ni jambo dogo. Kubwa ni kama yupo mtu anayepita kuwaangalia walioketi na kuwatoa walio hatarini. Mtoto anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na haamki vizuri, hapangi foleni. Vivyo hivyo mjamzito anayetoka damu na mtu anayehema kwa shida. Kituo kinachowaambia hao "subirini namba yenu" kimeshafeli, hata kama sakafu yake ni ya marumaru.

Onyo: ukimwona mtoto wa namna hiyo kwenye benchi, weka daftari pembeni. Nenda gonga mlango wa daktari na useme.

## Hatua ya 4: Pima kinachotokea ndani ya chumba cha daktari

Hapa ndipo penye uzito wote. Ukiwa na muda wa hatua moja tu, fanya hii.

Anauliza nini? Kabla ya kushika kalamu, mtaalamu anapaswa kujua tatizo lilianza lini, linaambatana na nini, umeshameza dawa gani, una mzio wa dawa, una presha, kisukari, sikoseli au ugonjwa mwingine wa kudumu, na kwa mwanamke kama ana mimba. Swali la dawa ulizokwisha kumeza ni muhimu sana kwetu, kwa sababu wengi hupitia duka la dawa kwanza. Aliyekwisha anza antibayotiki juzi anaonekana tofauti na asiyeanza.

Asipouliza, mwambie mwenyewe. Kisha andika kwamba hakuuliza.

Anakushika? Homa ipimwe kwa kipimajoto, isikisiwe kwa kiganja. Uzito wa mtoto upimwe siku hiyohiyo, kwa sababu dozi nyingi za watoto hupangwa kwa kilo. Tumbo linalouma libonyezwe. Kifua kinachokohoa kisikilizwe, nguo ikiwa imefunguliwa.

Mtoto mwenye kikohozi ni kipimo kizuri kuliko vyote, kwa sababu unaweza kukihakiki ukiwa umekaa pale. Mtaalamu anatakiwa kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Kwa wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni kuhema haraka. Kwa wa mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5, ni 40 au zaidi. Hesabu nawe kwa saa yako. Kama hakuna aliyehesabu na mtoto akaandikiwa sindano za antibayotiki, uamuzi huo umetoka hewani.

Presha ina utaratibu wake. Uwe umekaa na kupumzika kama dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini haijapishana, mkono umelala usawa wa moyo, mkanda uko juu ya ngozi wala si juu ya sweta, na hakuna anayezungumza. Ukipimwa mara tu baada ya kupanda ngazi, namba itapanda bila sababu. Ikiwa ni 140/90 au zaidi na huna dalili za hatari, mtaalamu makini hupima tena na kukupangia siku nyingine kabla ya kukufungulia dawa za maisha. Namba iliyo juu mno au inayoambatana na dalili hizo haisubiri siku nyingine.

Mjamzito apimwe presha, mkojo, wingi wa damu, kaswende na VVU, asikilizwe mapigo ya moyo wa mtoto mimba ikishakua, na apewe vidonge vya madini ya chuma na foliki. Kila kipimo kiandikwe kwenye kadi. Sehemu tupu kwenye kadi ina maana hakikufanyika, usikubali kuambiwa "tulipima tukasahau kuandika".

Faragha. Mlango umefungwa au pazia limevutwa? Mama anayeeleza usaha ukeni huku mgonjwa mwingine ameketi meza hiyohiyo hatasema kweli, na daktari atatibu ugonjwa usio wake.

Anakueleza? Kabla ya kusimama, uliza maswali matatu: "Nina tatizo gani? Dawa hii inafanya nini? Nikiona nini nirudi haraka?" La tatu ndilo linalowapambanua. Mtaalamu anayejua kazi anakutajia dalili za kurudi nazo bila kubabaika.

Onyo kuhusu dripu: wapo wanaoipenda zahanati kwa sababu "wanatundikia dripu ukiwa mchovu". Dripu ni ya aliyepungukiwa maji sana, asiyeweza kunywa, au anayehitaji dawa kupitia mshipa. Mtu anayekunywa soda huku ametundikiwa dripu ameuziwa maji ya chumvi na tundu la sindano.

Utajua umeimaliza hatua hii ukiweza kusoma kwenye daftari: alichouliza, alichopima na namba zake, jina la ugonjwa, na dalili za kurudi.

## Hatua ya 5: Pima maabara, hasa ile "malaria, taifodi na UTI"

Karibu kila familia ina mtu aliyeingia na homa akatoka na magonjwa hayo matatu kwa pamoja, na mfuko wa dawa. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi ni vipimo vilivyosomwa vibaya.

*Malaria.* Kipimo cha haraka, mRDT, kinahitaji tone sahihi la damu, kimiminika chake, na muda. Kutegemea aina, kinasomwa baada ya dakika 15 au 20. Washa saa yako. Kikisomwa baada ya dakika tatu, jibu la "hakuna" halina maana. Mstari wa C lazima uonekane. Usipotokea, kipimo kimeharibika na kinarudiwa. Una haki ya kuomba kuonyeshwa.

Jua pia kwamba aina nyingi za mRDT huendelea kuonyesha "ipo" kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Kwa hiyo kupimwa nacho tena wiki moja baada ya dozi, ili "kuona kama imeisha", ni kosa. Hapo kinachotumika ni hadubini.

Kipimo kikisema hakuna malaria, halafu ukaandikiwa dawa ya mseto, uliza sababu. Kituo kinachopima kisha kinapuuza jibu lake kinakutoza hela ya bure.

*Taifodi.* Kipimo cha Widal kilichofanywa mara moja tu hakitoshi kuthibitisha taifodi, maana kinaweza kuonyesha chembe za kinga kutokana na maambukizi ya zamani au ya vijidudu vingine. Uthibitisho wa kuaminika ni kuotesha vijidudu kutoka kwenye damu, jambo ambalo zahanati nyingi haziwezi. Mtaalamu mzuri atakuambia wazi kwamba anashuku, na kwa nini anashuku: homa ya siku nyingi, tumbo, hali ya mwili.

*UTI*, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Kwa mtu mzima asiye mjamzito, mkojo wenye "seli chache za usaha" bila maumivu, bila kukojoa mara kwa mara, bila homa, hautoshi kuanzisha antibayotiki. Mjamzito ni suala tofauti, kwake maambukizi yasiyo na dalili hutibiwa yakithibitishwa.

Daima omba majibu kwa maandishi, yenye jina lako, tarehe na jina la aliyepima. Ukipata karatasi hiyo bila ugomvi, maabara imepita.

## Hatua ya 6: Dirisha la dawa

Fungua mfuko palepale, usisubiri kufika nyumbani. Kila dawa iwe na jina, nguvu yake, vidonge vingapi, mara ngapi, kwa siku ngapi. Bahasha iliyoandikwa "1x3" pekee haitoshi. Angalia tarehe ya kuisha muda.

Chukua mfano wa dawa ya mseto ya malaria, ALu. Dozi ni sita kwa siku tatu, na ya pili humezwa saa nane baada ya ya kwanza. Hapa angalia sana, wengi huelewa "saa nane" kuwa saa ya mchana. Mtoaji dawa mzuri anakuambia: "Umemeza sasa hivi saa nne asubuhi, nyingine saa kumi na mbili jioni, kisha asubuhi na jioni." Anakuambia pia umeze na chakula chenye mafuta au maziwa.

Mfano wa pili: mtoto anayeharisha maji bila damu. Anachohitaji ni ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) na zinki, zinki ikiendelea siku 10 hadi 14 hata kuhara kukikoma. Akipewa metronidazo na antibayotiki nyingine bila ORS, andika kwamba kituo kimefeli.

Kukosekana kwa dawa moja leo si kosa la wahudumu. Huenda mzigo kutoka Bohari ya Dawa umechelewa. Rudi baada ya wiki mbili uulize tena. Ila ukielekezwa duka moja maalumu la nje kila mara, na huko ukauziwa dawa yenye alama ya GOT, hizo ni dawa za serikali na haziuzwi dukani. Tunza pakiti na risiti.

## Hatua ya 7: Mikono, sindano na friji

Hii ni fupi. Muuguzi anawe au ajisugue mikono kwa kitakasa mikono kabla hajakugusa. Glavu alizomhudumia nazo mwenzako hazikuhusu. Sindano ifunguliwe mbele yako kutoka kwenye pakiti, ikimaliza kazi iingie moja kwa moja kwenye boksi la usalama, na boksi lisijae kupita robo tatu.

Kwenye chanjo, friji iwe kati ya nyuzi 2 na 8, na joto liandikwe kila siku kwenye chati ya mlangoni. Chati iliyojazwa namba moja mwezi mzima kwa kalamu moja inatia shaka.

## Hatua ya 8: Malipo

Kila shilingi iwe na risiti, ya mfumo kwa kituo cha serikali na ya mashine kwa kituo binafsi. Kwa sera, kwenye vituo vya umma wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wamesamehewa gharama. Ukiombwa "ya glavu" bila risiti, andika tarehe, saa na kiasi.

Mwenye bima asisaini kabla ya huduma kuisha. Soma vilivyoorodheshwa. Ukiona kipimo usichofanyiwa, kiondolewe kwanza.

## Hatua ya 9: Siku ya tatu nyumbani

Andika: homa imeshuka? Dawa unaijua unavyoimeza? Ulipewa namba ya simu au siku ya kurudi? Ukirudi, je, wanasoma cheti cha kwanza au wanaanza upya kana kwamba hawajawahi kukuona? Kituo kinachosoma historia yako kinastahili alama kubwa, kwa sababu hapo ndipo tiba iliyoshindwa hugunduliwa.

## Hatua ya 10: Amua, kisha sema

Usijumlishe alama zote. Makosa fulani hayafidiwi na mengine. Hama mara moja kama anayetibu hana sifa, kama sindano au vifaa vya kuchoma vinarudiwa, au kama walio hatarini wanaachwa kwenye foleni.

Baki lakini sema kama tatizo ni mkanda wa presha juu ya nguo, lebo mbovu za dawa, faragha au majibu yasiyoandikwa. Haya hubadilika haraka mtu akiyasema vizuri. Anza na mganga mfawidhi, ana kwa ana, ukiwa na daftari: tarehe, saa, kilichotokea. Lawama ya jumla kama "huduma mbovu" haimpi pa kuanzia. "Tarehe 4 mRDT ilisomwa baada ya dakika tatu" inampa.

Asiposikia, vituo vya umma vina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Uliza ofisi ya kijiji au mtaa ni nani mjumbe wenu. Juu yake yuko Mganga Mkuu wa halmashauri, na Wizara ya Afya ina namba ya bure, 199. Rushwa ipeleke TAKUKURU kwa 113. Kosa la kitaaluma la mtu mmoja lipeleke kwa baraza lake, pamoja na nakala ya cheti na majibu ya maabara. Karatasi halisi baki nazo mwenyewe.

Rudia hatua ya 3 hadi ya 6 kila mganga mfawidhi anapobadilishwa. Kituo kilekile kinaweza kupanda au kuporomoka ndani ya miezi michache kwa sababu ya mtu mmoja aliyeingia au kuondoka.